Maji Yaliyopewa Jina

Jiwe la baharini halinukii marashi. Linanuka chumvi, linanuka mwani, likikaa juani linanuka uvundo, basi. Kwa hiyo Sikudhani alipofungua sanduku la plastiki la mawe aliyoyaleta mumewe sebuleni kwake, pale Visiga, na pua yake ikakutana na harufu ya marashi ya waridi, yale wanayonyunyiziwa watu maulidini na maiti kwenye sanda, alirudi nyuma kidogo na kufuta mikono kwenye kanga. Kisha akainama tena, akanusa jiwe mojamoja. Madogo yote yalinuka bahari. Lile kubwa, lenye tundu katikati la kupitisha ngumi, ndilo lililonukia.

Alimwambia mumewe. Hashiru akacheka, akasema huenda sanduku lilibeba vitu vya bibi harusi wa watu, asianze mambo yake.

Wanaume wa namna ya Hashiru mnawajua. Fundi wa majokofu na viyoyozi, hodari kwa kazi yake, hanywi, hagombani na mtu, lakini kitu kikimwingia kichwani hakitoki. Miaka mingi alikuwa akitengeneza mashine ya kupoza maji ya tangi la samaki kwenye hoteli moja mjini, na kila akimaliza kazi alikaa akiwakodolea macho wale samaki mpaka walinzi wakamzoea. Hoteli ilipofungwa, wenyewe wakamwachia tangi, kioo kirefu kuliko kitanda cha mtoto. Naye hakutaka samaki wa maji baridi wa kutupiwa unga. Alitaka bahari yenyewe: maji ya chumvi, matumbawe yaliyo hai, mwani na kaa wadogo, vyote ndani ya nyumba ya kupanga kando ya Barabara ya Morogoro, mahali ambapo hata upepo wa pwani haufiki. Ukimuuliza vya nini, alikujibu kwamba wewe huoni tu.

Na kazi aliijua, tusimnyime haki yake. Alipanga mawe kwanza, kwa sababu ndani ya mawe ndimo wanamokaa vijidudu vinavyosafisha maji, na bila hayo samaki hamalizi wiki. Akayaacha maji yaive. Yakachafuka, yakanuka, kioo kikaota ukijani, kisha yakatulia yakawa maangavu. Asubuhi na jioni alipima chumvi. Maji yakipungua kwa joto aliongeza ya mvua, maana chumvi haipai na mvuke, inabaki humo humo. Kila Ijumaa alitoa ndoo chache za maji ya zamani akayamwaga uani, akaweka mapya. Na sheria yake ilikuwa moja tu: mtu yeyote asitie kitu mle ndani, si mkono wenye sabuni, si chembe ya biskuti.

Matumbawe yakafunguka. Samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe wakaja, na mmoja wa buluu. Adventina, jirani yao wa mlango wa pili, alikuwa akija na kigoda chake kabisa, anakaa anaangalia kama watu wanavyoangalia tamthilia. Ila yeye ndiye aliyeuliza mbona samaki wote wamejibana pembeni na hakuna hata mmoja anayelisogelea lile jiwe kubwa. Hashiru akasema bado wageni, watazoea.

Hawakuzoea. Na kabla mtu hajalifikiria tena jambo hilo, Naila akaumwa.

Naila alikuwa mtoto wao wa pekee, miaka sita, aliyepatikana baada ya mimba kutoka na kutoka, mpaka ndugu wa mume walishaanza kunong'ona. Sikudhani alikuwa akimhesabia pumzi hata mtoto akiwa mzima. Sasa homa ikawa inampanda kila alasiri na kumwachia magharibi. Hospitali walimpima damu, walimpima kila kinachopimwa, wakampa dawa, wakasema hawaoni kitu. Basi Sikudhani akaenda kwa Ustadh Maulidi, mwalimu wa madrasa, mtu mpole asiyependa makuu. Ustadh akamwandikia kombe: aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, na chini yake, kama ilivyo desturi yao, jina la mgonjwa na la mama yake, Naila binti Sikudhani. Akaosha maandishi kwa maji, akayatia kwenye chupa. Mtoto anywe, mengine aogeshwe uso, na yatakayobaki yamwagwe mahali pasipokanyagwa na mguu wa mtu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, na ukimlaumu Sikudhani utakuwa unamwonea. Mabaki ya kombe yana maneno ya Mungu ndani yake. Hayaendi chooni wala mtaroni. Kwao, Kisarawe, angeyamwaga shinani mwa mnazi, kwisha. Pale Visiga mwenye nyumba alishakata mpapai na kumwaga zege uwanja mzima, na juu ya zege wanapita wapangaji na kuku wa Adventina. Alisimama mlangoni na chupa mkononi, akageuza macho huku na huku. Mahali pasipokanyagwa. Halafu akaangalia sebuleni kwake, akaona maji maangavu kuliko yote, juu ya meza, ambayo hakuna mguu ungeyakanyaga mpaka Kiyama.

Alisema bismillahi, akamimina.

Zafarani haikusambaa majini. Ilishuka kama uzi, ikazunguka lile jiwe kubwa mara moja, ikaingia yote tunduni. Sikudhani aliona, lakini hakumwambia mumewe kwa sababu ya ile sheria yake. Na alasiri ile homa haikupanda. Naila aliamka, akaomba chipsi mayai. Sasa nani angekaa kufikiria uzi wa zafarani wakati mwanawe anakula?

Samaki ndio walioanza. Walitoka pembeni, wakajipanga kwenye kioo, wote wakimtazama Naila. Akienda mlangoni, wanakwenda naye. Akikaa mkekani, wanashuka mpaka chini, usawa wa macho yake. Hashiru alifurahi, akasema mtoto kapendwa. Sikudhani hakufurahi, kwa sababu alishagundua kwamba chakula kikitiwa hawageuki, kinazama mpaka kinaoza, na wao bado wanamtazama mtoto.

Kisha Naila akashikwa na kiu. Kiu gani ile! Anamaliza jagi, anafuata ndoo. Siku moja Sikudhani alimkuta nyuma ya mlango wa jikoni na kopo la chumvi, analamba kiganja. Shuka alilolalia lilikuwa na ukingo mweupe kulizunguka umbo la mtoto, na Sikudhani alipouonja kwa ncha ya ulimi akakuta ni chumvi, chumvi ya bahari, chungu. Alimsuka nywele, zikanukia marashi ya waridi. Akamwosha kwa sabuni ya magadi mpaka mtoto akalia. Zikanukia zaidi.

Hashiru alikuwa Mlandizi kwenye kazi, analala huko huko. Hakuna aliyeongeza maji tangini, na joto la siku zile lilikuwa kali, maji yakashuka. Naila naye akashuka. Midomo ilimpasuka, macho yakaingia ndani, mchana ule alishindwa hata kuinua kichwa. Sikudhani alikuwa akijitanda ili ambebe kwenda hospitali pampu ya tangi ilipoanza kukoroma kwa kuvuta hewa, na kwa kuudhika tu, ili inyamaze, akachukua ndoo ya maji ya mvua akaimimina. Haijaisha ndoo akasikia nyuma yake mtoto amekaa.

"Mama, nimeshiba," Naila akasema.

Sikudhani aliweka ndoo chini. Alichota kikombe kimoja cha maji kutoka tangini, mtoto akakohoa. Akakirudisha, mtoto akanyamaza. Akaketi sakafuni, akalia bila sauti ili mwanawe asimwone. Hakujaribu tena. Kuanzia saa ile alikuwa mtumwa wa lile tangi. Alilijaza kabla halijapungua, alilikinga na jua, alilipepea kwa ungo, akiwa anajua kabisa kwamba anakilisha kile kinachomla mwanawe, na akiacha kukilisha mwanawe anakufa.

Hashiru alirudi, na siku iliyofuata, adhuhuri, umeme ukakatika.

Pampu zikanyamaza. Nyumba iliyozoea mvumo ule ikawa kimya ghafla, na katika ukimya ule wakasikia kitu kingine, mtu anavuta pumzi kwa shida, wala haikuwa pumzi moja, zilikuwa mbili, moja mkekani na moja tangini. Samaki walikuwa wamepanda juu wote, vinywa wazi. Naila alikuwa amelala chali, kinywa wazi, kikifunga na kufunguka sawasawa na vyao.

"Baba Naila," Sikudhani akasema taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. "Mwangalie mwanao. Halafu waangalie samaki wako."

Hashiru aliangalia, na lile lililokuwa limemwingia kichwani miaka yote likamtoka mara moja. Alichukua jagi, akachota maji, akayainua juu, akayaachia yaanguke tangini yapate hewa, na mtoto akavuta pumzi. Akachota tena, akainua, akaachia, mtoto akavuta. Na hivyo hivyo, jasho likimwingia machoni, akipumzika kidogo uso wa mtoto unakuwa wa buluu, akiendelea unarudi, huku mkewe amepiga magoti kati ya mkeka na tangi hajui amshike nani, na adhana ya alasiri ikaadhiniwa na kwisha na umeme bado, na mabega ya Hashiru yakavimba, na kutoka kwenye tundu la lile jiwe, ambalo hakuna samaki aliyewahi kulisogelea, vikaanza kutoka vipovu vidogo vidogo, kimoja kimoja, kila mtoto alipotoa pumzi.

Umeme ukarudi. Hashiru akaanguka kwenye kochi. Naila, amefumba macho, akasema kwa sauti yake ile ile ya utoto, kwa adabu, "Ahsanteni. Msichoke. Nilichopewa sirudishi."

Ndipo Sikudhani akasema yote ya kombe. Alitegemea kupigiwa kelele. Hashiru hakumpigia kelele, maana na yeye alikuwa na lake. Mpiga mbizi aliyemchukulia yale mawe alikataa kuligusa lile kubwa, akasema pale watu hupeleka ubani na marashi kumtambikia mwenyewe wa pale, waliache. Hashiru akaona ni ushirikina wa wavuvi, akalinyanyua mwenyewe. Kila mtu alikuwa na nusu yake ya kosa.

Bi Zuleha, mganga wa Kurui, aliletwa kwa pikipiki, analalamika mgongo na mihogo yake aliyoiacha inaliwa na nguruwe pori. Mwanamke mkali, mfupi, asiye na maneno ya kubembeleza. Walimwamkia, akaitika marahaba juu juu tu huku anainusa nyumba. Hakukubali kuingia sebuleni. Aliwekewa kiti uani, akaagiza mtoto aketishwe kizingitini, akamfukiza ubani, akamuuliza wewe nani.

"Naila binti Sikudhani," mtoto akajibu.

"Huyo ni mtoto wa watu."

"Alikuwa. Mimi nilikuwa kwangu, bi mkubwa. Nikatolewa, nikaletwa hapa, nikawashiwa taa, nikatengenezewa maji. Kisha mama mtu akanimiminia jina la mwanawe kwa mkono wake, na bismillahi juu. Sasa mwizi nani?"

Bi Zuleha akaongeza ubani motoni. Mtoto akaanza kusinzia. Sikudhani alikuwa ameushika mlango kwa mikono yote miwili, akisubiri kusikia dawa, mti, kafara, chochote. Bibi akageuka, na kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa mkali.

"Hana kosa," akasema. "Hilo ndilo baya lake. Angekuwa mwizi ningemfukuza. Huyu kapewa."

Sikudhani akamshika miguu, akamwambia kama ni jina basi na limiminwe lake, achukuliwe yeye. Bibi akamvuta mkono akamwinua, akamkemea asirudie upuuzi huo karibu na yale maji. Kisha akaeleza. Alichopewa yule ni jina, na mtoto anavutwa nyuma ya jina lake. Hawezi kunyang'anywa, basi aachiwe. Mtoto ndiye atolewe ndani ya jina. Anyolewe kama mtoto wa siku saba, achinjiwe mbuzi upya, apewe jina jingine, na siku aitike kwa hilo jingine kwa kinywa chake mwenyewe, kamba imekatika.

Walimpa jina la bibi yake mzaa baba, Mwanamkuu. Mbuzi akachinjwa, Ustadh Maulidi akasoma dua huku machozi yanamtoka, akijilaumu kwa kosa lisilo lake. Halafu Hashiru akaleta mapipa, akatia mpira tangini, akavuta kwa mdomo, maji yakaanza kutoka.

Mama amwite, bibi akaamuru, na asitamke neno jingine lolote.

Sikudhani akaita Mwanamkuu. Mtoto hakugeuka, macho yote kwenye kioo. Maji yakashuka kiganja kimoja, mtoto akaanza kuhema. Akaita. Maji yakashuka nusu, mgongo wa lile jiwe ukatokeza juu, mweusi, na marashi yakajaa chumba mpaka Hashiru akakohoa, na kutoka tunduni ikaja sauti ya mwanawe, sauti ya mwanawe kabisa, ikilia mama nakauka, mama niongezee maji, na mbele yake mwili wa mwanawe unatapatapa kimya mkekani, na Sikudhani akiita jina la mkwewe kwa mtoto ambaye miaka sita hakuwahi kuitwa hivyo, anaita, koo inakwaruza, anaita, midomo ya mtoto imekuwa ya majivu, anaita na huku moyo wake wote unataka kuita lile jingine, lile alilomchagulia mwenyewe siku ya kumzaa, ambalo angelitamka mtoto angegeuka papo hapo.

"Mwanamkuu," akanong'ona, maana sauti ilishakwisha.

Mtoto akapepesa macho. Akamtazama mama yake.

"Abee."

Akavuta pumzi, ndefu, ya kwake peke yake. Tangini samaki wote wakageuka ubavu kwa pamoja.

Hashiru alipakia mapipa na mawe kwenye kirikuu jua bado liko juu, akayarudisha yalikotoka. Bi Zuleha alipokuwa akipanda pikipiki aliwaambia la mwisho. Alichoweza kukitoa kimetoka. Yale maji yaliyokwisha kumwagwa uani kila Ijumaa, na yale yaliyogeuka mvuke yakaingia kwenye kuta hizi, hawezi kuyazoa. Wahame. Na lile jina lisitajwe tena. Sasa lina mwenyewe, na siku mtu akiliita, ataitika mwenyewe.

Jamani, kuna kazi ngumu kama kusahau jina la mtoto wako? Sikudhani alikuwa Mama Naila kwa muuza genge, kwa wanawake wa kikoba, kwa mtaa mzima. Alipita nyumba hadi nyumba akiomba aitwe Mama Mwanamkuu. Wengine wakamwona kachanganyikiwa. Adventina alijisahau mara moja, akaanza kuita, na Sikudhani alimziba mdomo kwa kiganja chenye unga. Ukutani, pale tangi lilipokuwa, rangi ilifumuka na chumvi. Mtoto mwenyewe akawa mzima, anakula, anacheza, kichwa kimeota nywele kidogo kidogo. Tatizo lake moja tu, akinogewa na mchezo alisahau kwamba yeye ni Mwanamkuu. Unamwita, hasikii.

Hashiru akapata nyumba Kisarawe, karibu na ndugu wa mkewe. Siku ya kuhama, asubuhi, vitu vyote vilikuwa vimeshapakiwa, milango wazi, madirisha bila mapazia. Hashiru alikuwa juu ya gari anafunga godoro. Sikudhani akatoka na ndoo ya mwisho, akamwona mwanawe anamkimbiza kuku wa Adventina, anacheka, kuelekea barabarani. Na upande wa Mlandizi lilikuwa linakuja lori la saruji, limeshika kasi ya mteremko.

Akatupa ndoo, akakimbia. "Mwanamkuu!" Mtoto hakugeuka. "Mwanamkuu! Mwanamkuu, rudi!" Kuku akaruka lami, mtoto nyuma yake. Honi ikalia. Hakuna miguu ya mtu ambayo ingefika.

Tusimsingizie kwamba ulimi uliteleza. Haukuteleza. Sikudhani alijua anaita nini na ataitika nani. Aliliona lori, akakiona kile kichwa kidogo chenye nywele changa, akachagua.

"Naila!"

Mtoto akasimama palepale, kisigino ukingoni mwa lami. Lori likapita na upepo wake, likampeperusha gauni. Sikudhani alimfikia, akaanguka naye vumbini, akamkumbatia, akampapasa mikono, miguu, mbavu, mzima, mzima kabisa. Mtoto alikuwa ameshtuka, hajafumbua mdomo.

Nyuma yao, ndani ya nyumba tupu, sauti ya mtoto ikaitika kwa adabu, kama alivyolelewa.

"Abee, mama. Nakuja."